Jiwe la Golikipa Cardno

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Kwanza niandike jambo la maana kuliko yote: mie Suhail, umri miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Mwembetanga, sasa mkaazi wa Winson Green, ndiye golikipa bora upande wote huu wa Birmingham. Anayebisha aje uwanjani Jumapili na mpira wake. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kazi niliyoanza leo haina sifa hata kidogo. Nasukuma makaburi.

Sitanii. Mji huu una makaburi ya miaka mia na zaidi, na mawe yake mengine yamechoka kusimama. Ofisi ya mji inayoyatunza inaogopa yasije yakamwangukia mtu. Tumetiwa kazini wawili, mie na Lakhbir. Huyu ni Singasinga wa miaka sitini na tatu, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe kama pamba, ndiye msimamizi wangu. Ana kimashine cha mkono kinachoonyesha unasukuma kwa kilo ngapi. Unakiegemeza kwenye jiwe, unasukuma taratibu mpaka kisome thelathini na tano. Jiwe likitulia, limepasi. Likitikisika, limefeli: Lakhbir anaandika namba kwenye fomu, anatia saini, tunalilaza chini, tunabandika karatasi ya manjano. Karatasi inasema jamaa wa marehemu wajitokeze kabla ya mwisho wa Machi, walisimamishe kwa gharama zao. Wasipokuja, litabaki limelala hivyo hivyo.

Mama mdogo Mwanakhamis, ninayekaa kwake, kusikia hayo kaweka mwiko chini.

"Unasukuma makaburi ya watu?"

"Wenyewe hawajalalamika, Mama."

"Ondoka mbele yangu."

Naandika Kiswahili kwa sababu daftari hili nakwenda nalo kazini na Lakhbir ana macho marefu. Kuhusu makosa ya mwandiko, shule na mie tuliachana nikiwa na miaka kumi na sita, kwa amani, bila ugomvi.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Mawe arobaini na moja, manne yamefeli. Lakhbir anakula dengu kila siku na hachoki.

Jumapili, 10 Oktoba

Tumeshinda mbili bila. Hiyo bila ni kazi yangu mie.

Ijumaa, 15 Oktoba

Mwezi umeandama, tumefunga. Lakhbir kasema atakula ndani ya gari asinitamanishe. Nikamwambia, mzee, kula mbele yangu hata ukikaanga kuku. Kala mbele yangu. Nimejuta.

Jumanne, 19 Oktoba

Leo nimevunja jiwe la mtu, na nimesema uongo nikiwa na saumu.

Tulikuwa upande wa zamani, kwenye ukuta. Jiwe lenyewe la kijivu, linametameta kama limenyunyiziwa chumvi, urefu wake mpaka kifuani kwangu. Kimashine kikazimika. Lakhbir akakigonga, akakitikisa, akakitukana Kipunjabi.

"Betri imekufa. Nakwenda kwenye gari kutafuta nyingine," akasema. "Wewe umefunga. Kaa kwenye benchi pale, pumzika. Usiguse kitu, beta."

Beta ndivyo anavyoniita, yaani mwanangu kwa kwao. Sasa mie, mtoto wa Mwembetanga, niambiwe nikae kwenye benchi kwa sababu nimefunga! Benchi wanakaa magolikipa wa akiba. Nikauambia mgongo wake, "Nani kakwambia nimechoka?" Mgongo haukujibu.

Nikalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Nikaona kama linanidharau. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikalivaa kwa mwili mzima kama ninavyowavaa watu kwenye kona. Likalia kaa! chini kwenye saruji, likasimama kidogo kama linafikiri, kisha likaenda taratibu, likalala chali kwenye majani.

Lakhbir akaja mbio, mbio za miaka sitini na tatu.

"Nini?"

"Nimeligusa tu kwa kidole."

"Kwa kidole?"

"Lilikuwa bovu, mzee."

Akalitazama jiwe, akanitazama mie. Kitu kilichoniuma ni kwamba aliniamini. "Bahati halikukuangukia wewe," akasema. Akatoa fomu. Betri hakuipata, kimashine kimekufa, lakini fomu inataka namba, basi akaandika kumi na mbili. "Kama limeanguka kwa kidole, hata kumi na mbili ni nyingi." Akatia saini. Jina lake kamili, herufi nzuri kuliko zangu.

Alipoinama kubandika karatasi ndipo nikasoma: WALTER CARDNO, 1881 hadi 1949, GOLIKIPA. Juu ya jina kumechongwa mpira, na chini ya mpira mikono miwili imefunguliwa.

Makaburi yote haya na maelfu ya watu wake, mie nimekwenda kumwangusha golikipa mwenzangu.

Alhamisi, 21 Oktoba

Mvua. Herufi za jina lake zimejaa maji. Nimezunguka njia nyingine.

Jumatatu, 25 Oktoba

Lakhbir: "Siku hizi umekuwa kimya. Ni njaa?"

Mie: "Ni njaa."

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimekwenda maktaba kuu ya mji. Mie! Mlangoni nilitazama nyuma kama yupo anayenijua. Sikwenda kwa majuto, asije mtu akasema. Nilitaka kujua tu kama huyu Cardno alikuwa hodari kuliko mie.

Kuna dada pale anaitwa Nasreen, anatunza magazeti ya zamani. Yamepigwa picha kwenye filamu, unayatazama kwa mashine kama televisheni ndogo.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Golikipa."

"Yupi?"

"Aliye bora kuliko wote unamwona hapa. Lakini leo namtafuta mwingine."

Hakucheka hata kidogo. Ila akakaa na mie saa nzima, akinisomea zile herufi ndogo kama sisimizi. Cardno alizaliwa Aberdeen, huko Scotland, mji wa wachonga mawe. Baba mchonga mawe, kaka mchonga mawe, naye mwenyewe kaanza kuchonga akiwa na miaka kumi na tatu. Akadakia timu ya wachonga mawe wenzake. Mwaka 1903 akaletwa Birmingham kwa treni kuchezea Hockley Albion, timu iliyokufa zamani. Gazeti likaandika kuwa mashabiki hawakuelewa neno hata moja alilosema, lakini viganja vyake kila mtu alivielewa.

Hilo nimelipenda. Na mie nilipofika hapa nina miaka kumi na nne hawakunielewa neno, mpaka niliposimama golini.

Jumamosi, 6 Novemba

Nasreen tena. Sikilizeni haya. Zamani zile sheria ilimruhusu golikipa kushika mpira kwa mikono popote kwenye nusu yake ya uwanja! Ila asiubebe zaidi ya hatua mbili. Basi Cardno akaufanya kama watoto wanavyodundisha: anadaka, anadundisha, anakimbia, anadundisha, anawapita washambuliaji kama nguzo za taa, mpaka mstari wa katikati, anaupeleka mpira mguuni kwa mwenzake. Mashabiki wakamwita Posta. Kila mpira anaupeleka mwenyewe mlangoni.

Mwaka 1907 alifika katikati, asimwone wa kumpa, akaupiga kutoka pale pale. Goli. Golikipa kamfunga golikipa.

Nilisimama kwenye kiti nikapiga makofi. Nasreen kaniambia nikirudia nitatolewa.

Jumapili, 14 Novemba

Idi mosi. Mama mdogo kapika biriani mtaa mzima umesikia harufu. Jirani yetu wa juu, dada Zilpah, Mkenya anayetunza wazee kwenye nyumba moja kule Handsworth, kaja na watoto wake kula. Kasema, "Suhail, mbona umekonda? Si mwezi umeisha?"

Jumatatu, 22 Novemba

Baridi. Mawe ishirini na tisa. Tumepita karibu na la Cardno. Karatasi ya manjano imefifia. Hajaja mtu.

Jumamosi, 27 Novemba

Leo nimegundua kuwa shujaa wangu alikuwa juha.

Mwaka 1909. Hockley Albion wamefika nusu fainali ya kombe, mara ya kwanza katika uhai wao. Mvua, matope mpaka magotini. Dakika za mwisho, hakuna goli. Shuti linapigwa, Cardno anaruka, watu wanarundikana juu yake, mpira unatoka. Refa anapunga mkono: endeleeni. Watu wa Hockley wanarusha kofia. Kisha gazeti linasema Cardno akanyanyuka, uso mzima matope, akatembea mpaka kwa refa akamwambia kitu. Refa akageuka, akaonyesha katikati. Goli. Moja bila. Hockley wametolewa.

Nikacheka mpaka mlinzi akanitazama.

"Unachekea nini?" Nasreen akauliza.

"Huyu mtu! Refa hakuona! Nani anamwambia refa? Kwetu Mwembetanga akifanya hivyo anahama nyumba."

"Na yeye nusura ahame," akasema Nasreen. Akasogeza filamu. Klabu ilimweka nje miezi kumi na moja. Watu walimpigia kelele njiani, mmoja akamtupia kaa la mawe likampasua nyusi. Barua kwenye gazeti zilimwita msaliti. Hakujibu hata moja. Alirudishwa 1910, kwa sababu aliyewekwa badala yake alifungwa saba siku moja.

Nilitoka nacheka. Kwenye basi nikaacha kucheka. Sijui kwa nini.

Jumatano, 1 Desemba

Barafu juu ya majani. Nimelifuta jiwe kwa mkono wa koti. Lakhbir kaniona. 

Jumapili, 5 Desemba

Tumefungwa nne. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 18 Desemba

Hii ndiyo iliyonimaliza. Mwaka 1912 sheria ikabadilishwa: golikipa kushika mpira mwisho kwenye boksi lake. Basi. Posta kafungiwa ofisi. Ana miaka thelathini na moja, na kitu pekee alichokuwa akikijua kuliko watu wote kimepigwa marufuku. Gazeti likaandika kuwa Cardno kwisha.

Ningekuwa mie ningesusa. Ningetukana kila aliyepitisha sheria ile, na mama zao. Yeye alikwenda uwanjani kila asubuhi, akasimama golini peke yake na mtoto wa kumrushia mipira, akajifunza upya kazi yake kama mtu aliyezaliwa jana. Kusimama. Kungoja. Kumtazama mpigaji kiunoni badala ya machoni. Msimu uliofuata alidaka penalti tano. Tano! Mie maisha yangu yote nimedaka sita, na moja ilipigwa na binamu yangu mdogo.

Jumamosi, 8 Januari 2005

Filamu ya mwisho. Alikwenda vitani, akarudi hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akajaza matambara kwenye glavu akacheza mpaka 1920. Mechi mia tatu na kumi na mbili. Baada ya hapo alikata tiketi kwenye tramu za Soho Road karibu miaka ishirini. Nikipanda basi njia ile sasa nakaa sawasawa, siweki miguu kwenye kiti.

Nasreen kaniuliza, "Kwa nini unamtafuta mtu huyu?" Nikasema napenda historia. Kaniambia, "Wewe huwezi hata kutaja hii ni karne ya ngapi."

Jumapili, 16 Januari

Dada Zilpah alikuwa jikoni kwetu anasukwa nywele. Nami nikawa najidai kwa Mama mdogo habari za Cardno, kwa mara ya hamsini.

"Cardno?" Zilpah akageuza kichwa, Mama mdogo akakirudisha. "Wewe Suhail, kuna shosho hapo kwetu kazini anaitwa hivyo. Miss Cardno. Ana miaka tisini na mbili na mdomo mkali kama wembe. Ukutani kwake ako na picha ya mwanamume na mpira."

Chai ikanipita njia mbaya.

"Masikini, huyo shosho ako na huzuni," Zilpah akaendelea. "Ameandikiwa barua eti jiwe la baba yake limeanguka kwa uzee. Hawezi kulipia. Sasa anataka kuuza nishani ya baba yake. Kuna mwanamume anakuja kuichukua mwisho wa Machi."

Mama mdogo kanitazama kwa muda mrefu, kitana mkononi. Yeye ananijua tangu tumboni.

Ijumaa, 21 Januari

Idi kubwa. Sikula sana.

Jumamosi, 29 Januari

Nimekwenda. Zilpah kanipeleka, kanitambulisha kama kijana anayempenda golikipa Cardno.

Bibi Cardno ni mdogo, mkavu, macho ya buluu yasiyopepesa. Amekaa dirishani na blanketi magotini. Picha ipo: mwanamume mrefu, nyusi ina kovu, viganja kama sinia.

"Wewe ni golikipa?" akaniuliza.

"Bora kabisa, Bibi."

"Nyoosha mikono." Nikanyoosha. Akaigeuza kama mtu anayenunua samaki. "Midogo," akasema. "Lakini wewe bado unakua, labda."

Nimeelezwa mengi. Baba yake hakuwahi kumpiga. Alikuwa akimenya viazi kwa vidole vinane haraka kuliko mama yake kwa kumi. Kisha akanieleza kuhusu jiwe. Alilichonga kaka wa Cardno, Alec, kwa jiwe la kwao Aberdeen. Mwenyewe alikuwa mzee, anakohoa, akalichonga majira yote ya baridi, akalileta kwa treni. Mikono ile miwili iliyofunguliwa aliichonga kwa kukumbuka tu.

"Wameandika limeanguka lenyewe," akasema Bibi Cardno. "Alec hakuchonga kitu cha kuanguka chenyewe. Lakini miaka sita sijaweza kwenda, miguu hii. Labda nimelitelekeza."

Nilitaka kumwambia.  Nikamwambia biskuti ni nzuri.

Jumatano, 9 Februari

Mvua. Mawe thelathini na tatu. Nimesukuma kwa vidole, kama mtu anayegusa mgonjwa.

Jumatano, 16 Februari

Mvua.

Alhamisi, 24 Februari

Theluji. Hatukufanya kazi, tulikaa ndani ya gari tukingoja iishe. Lakhbir akamimina chai yake ya iliki vikombe viwili. Kisha nikamwambia. Yote. Bega, hatua tatu, uongo.

Alitazama theluji mpaka kioo cha mbele kikawa cheupe chote.

"Mimi niliandika kumi na mbili," akasema.

"Najua, mzee."

"Kimashine kilikuwa kimekufa. Niliandika namba ambayo hakuna aliyeipima, nikatia jina langu. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ulisema kidole." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Miaka ishirini na minane, Suhail. Sijapata barua ya onyo hata moja. Juni nastaafu."

Hakuniita beta.

"Basi tunyamaze?" nikamuuliza. Nilitaka aseme ndiyo, wallahi nilitaka.

Akafungua mlango, akamwaga chai yake kwenye theluji, akaenda kusimama nje.

Jumatatu, 28 Februari

Lakhbir hazungumzi nami. Ananionyesha jiwe kwa kidole, nasukuma.

Jumatano, 2 Machi

Bado.

Jumamosi, 5 Machi

Nikaona njia rahisi: nimwambie Bibi Cardno mwenyewe, nimwombe radhi, anisamehe, tusaidiane kuchangisha, ofisi isijue, Lakhbir apone. Mpango mzuri kabisa. Nilijisifu njia nzima.

Nikamwambia. Nilitazama blanketi lake muda wote nikisema. Nilipomaliza, nikanyanyua macho, nikidhani nitakuta machozi.

"Kwa hiyo halikuanguka lenyewe," akasema.

"Hapana, Bibi."

"Lilisimama uliposukuma mara ya kwanza?"

"Halikutikisika."

Akajinyoosha kitini. Wallahi alirefuka. "Alec," akaiambia picha, "umesikia?" Kisha akanigeukia. "Na mimi unanieleza ili nifanye nini?"

"Unisamehe."

"Hilo dogo. Nimekusamehe. Umemwambia nani mwingine?"

"Msimamizi wangu tu."

"Baba yangu alimwambia refa," akasema Bibi Cardno. "Hakwenda kumwambia mama yangu nyumbani."

Akachukua kitabu chake akaanza kusoma. Zilpah alikuwa mlangoni na trei, kasikia yote. Akanisindikiza hadi nje. Kwenye ngazi ndipo akasema, "Huyo shosho hachezi."

Jumatatu, 7 Machi

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi wakati wa chakula. Nikarudi. 

Alhamisi, 10 Machi

Tena mpaka mlangoni. Bosi alikuwa na mgeni. Nilishukuru.

Jumatatu, 14 Machi

Asubuhi nikamwambia Lakhbir: "Leo nakwenda kusema. Nitasema wewe ulikuwa kwenye gari, hukuona kitu, hukuandika chochote, mie ndiye niliyejaza fomu."

"Kwa mwandiko wangu?" akasema. Maneno ya kwanza baada ya siku kumi na nane.

Nikaenda peke yangu. Bosi ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, si mtu mbaya, ila ana haraka. Nikamweleza kwa Kiingereza changu, kile kinachovunjika nikiwa na hofu. Nikamwambia jiwe lilikuwa zima. Nililivunja mie kwa bega. Barua aliyopelekewa yule bibi si kweli.

"Nani alikuona?" akauliza.

"Hakuna."

"Kuna mtu amelalamika?"

"Hapana."

Akavua miwani. "Basi kwa nini umekuja?"

Kichwani nilikuwa na Kiswahili kingi. Nilikuwa na matope ya 1909, na nyusi iliyopasuka, na miezi kumi na moja. Kwa Kiingereza nikapata maneno mawili tu: "Lilikuwa zima."

Akavuta faili. Akatoa fomu. "Hapa pameandikwa kilo kumi na mbili."

"Hiyo mie..." nikaanza uongo wangu mpya.

"Hiyo ni namba yangu," sauti ikasema nyuma. Lakhbir yupo mlangoni, kilemba kimeloa mvua, glavu za kazi mkononi. "Kimashine hakikuwa na betri. Niliandika bila kupima. Saini ni yangu."

Sikuweza kumtazama. Tulisimama pale wawili, kama wachezaji wanaongoja kadi.

Nje, kwenye mvua, nikamwambia, "Ningekuokoa, mzee."

"Ungeniokoa kwa uongo mwingine? Wewe ni golikipa mbaya sana, beta," akasema. "Unaruka kabla mpira haujapigwa."

Ijumaa, 18 Machi

Majibu. Jiwe la Cardno litasimamishwa na ofisi, kwa gharama ya ofisi, kwa nondo mpya, kabla ya katikati ya Aprili. Bibi Cardno kaandikiwa barua ya kuombwa radhi, na dada Zilpah kasema yule mnunuzi wa nishani kapigiwa simu asije. Lakhbir kapata barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na minane. Kaikunja mara nne, kaitia mfuko wa shati. Mawe yote aliyoyaandika Oktoba yatapimwa upya.

Mie leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Nimerudisha buti na koti. Lakhbir kanipa mkono, kisha kanipa chupa yake ya chai niimalize. Mama mdogo nilipomwambia hakunifokea. Kanikatia kipande kikubwa cha samaki, kaniambia Jumatatu niamke mapema nikatafute kazi.

Nataka kuandika kuwa najisikia vizuri. Uongo. Najisikia mjinga. Ningenyamaza tu, ningekuwa na kazi, na Lakhbir angekuwa na karatasi safi.

Jumamosi, 26 Machi

Nimekwenda Handsworth kumuaga Bibi Cardno, maana nilidhani sasa hana haja na mie. Nilimkuta dirishani.

"Wamekufungia mechi ngapi?" akauliza.

"Zote, Bibi."

"Baba walimfungia miezi kumi na moja." Akanionyesha kiti kwa kidevu. "Kaa."

Nikakaa. Zilpah kaleta chai. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinikera wiki nzima. "Ile miezi kumi na moja, Bibi, alikuwa akitembea kifua mbele? Alikuwa na amani?"

"Amani?" Akacheka, kicheko kikavu kama karatasi. "Mama yangu aliniambia. Nyumba yao ilikuwa mitaa miwili kutoka uwanjani. Kila Jumamosi saa tisa, mechi ikianza, alikuwa akitoka uani anasimama kwenye baridi anasikiliza kelele. Mwingine yuko golini kwake. Mama anamsikia akijisemea peke yake, kwa jina lake la nyumbani: Wattie mpumbavu, Wattie mpumbavu, ungefunga mdomo wako. Kila Jumamosi. Mpaka siku waliyomrudisha."

Nikaweka kikombe chini. Hilo halimo kwenye gazeti lolote, nimesoma yote.

"Kumbe alijuta?"

"Sana."

"Sasa kama alijuta hivyo," nikasema, "kwa nini alimwambia refa?"

Bibi Cardno akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Kwa sababu mpira uliingia," akasema.